Daktari Ajifunze Juu ya Mwili wa Nani?

Mmoja katika ndugu zetu wanaohudhuria darsa alituletea swali ambalo, tulipolisikia mara ya kwanza, tulidhani ni la kuulizwa hospitali wala si la kuulizwa msikitini. Mama yake ni mtu mzima, amesumbuliwa muda mrefu na mawe katika mfuko wa nyongo, na madaktari wameamua kuwa mfuko huo utolewe. Wakamwambia kwamba mama hatapasuliwa tumbo kwa kisu kirefu kama walivyopasuliwa watu zamani, bali atatobolewa matundu madogo manne, na humo zitapitishwa kamera na zana nyembamba, na kazi yote itafanywa kwa kutazama kioo cha televisheni. Ndugu yetu akafurahi. Kisha akamwuliza yule daktari kijana, kwa adabu, "Samahani daktari, wewe mwenyewe umeifanya kazi hii mara ngapi?" Daktari akanyamaza kidogo, kisha akajibu kwa ukweli kwamba ameshika kamera mara nyingi, na ameshafanya vipande vya kazi hiyo, lakini kuanzia mwanzo mpaka mwisho kwa mkono wake hii itakuwa mara ya kwanza, na mkubwa wake atasimama ubavuni pake.

Ndugu yetu akarudi nyumbani asilale. Akaja kwetu akauliza maswali mawili. Je, ni haki mama yangu awe ubao wa kuandikia mwanafunzi? Na je, ni haki mimi kukataa?

Tumelizungumza jambo hili siku tatu baada ya Isha. Wako miongoni mwetu waliosema upesi, "Kila fundi alianza kuwa mwanafunzi, na kila daktari ana mgonjwa wake wa kwanza, hapana mjadala." Na wako waliosema upesi vile vile, "Aanze kwa mama yake yeye." Majibu yote mawili tumeyaona ni mepesi mno. La kwanza husemwa na mtu ambaye mgonjwa si wake. La pili husemwa na mtu asiyekumbuka kwamba hata yule mkubwa anayemtaka amguse mama yake alipata kuwa na mgonjwa wa kwanza, na mgonjwa huyo naye alikuwa mama wa mtu.

Kwanza yatupasa tuijue kazi yenyewe, kwani aghalabu watu hudhani ya kuwa tundu dogo ni kazi ndogo. Sivyo. Tumbo hujazwa gesi ya kaboni dayoksaidi mpaka liinuke kama hema, ili ipatikane nafasi ya kuona na ya kufanya kazi. Tundu moja hupitisha kamera, na mengine hupitisha koleo na mkasi vyenye vipini virefu vyembamba. Matundu yenyewe upana wake ni kiasi cha milimita 5 mpaka 12. Daktari hayatazami mikono yake. Hutazama kioo, na kioo humwonyesha picha bapa isiyo na kina, ilhali ndani ya tumbo kitu hiki kiko mbele ya hiki na kile kiko nyuma ya kile. Mkono wake hauligusi ini, wala haupati kujua kwa vidole kipi laini na kipi kigumu. Yote hayo humfikia kupitia chuma kirefu, nayo humfikia hafifu. Tena zana zenyewe huenda kinyume. Aliyepata kuvuta kasia lililofungwa ubavuni mwa mashua atafahamu maneno yetu: mkono ukienda mbele, ubapa majini huenda nyuma. Ndivyo ilivyo na koleo lililopita katika tundu la tumbo. Mpasuaji akipeleka mkono kulia, ncha huenda kushoto. Daktari aliyepasua matumbo kwa kisu miaka ishirini, akishika zana hizi mara ya kwanza, huwa kama mtoto anayejifunza kushika kalamu.

Na hapo penye mfuko wa nyongo pana hatari yake khasa. Mrija mdogo hutoka katika mfuko na kuungana na mrija mkuu uteremshao nyongo kutoka katika ini. Mrija mdogo ndio unaopaswa kukatwa. Mkuu haukatwi kabisa. Lakini mtu asiyezoea kuisoma picha ya kioo, tena penye uvimbe na damu, aweza kuuona mkuu akadhani ndio mdogo. Akiukata, mgonjwa aliyeambiwa atarudi nyumbani kesho yake huenda akapasuliwa tena na tena, na taabu hiyo yaweza kumfuata maisha yake yote.

Walakini mwenye kusema, "Basi tubaki na kisu cha zamani," naye hajapima sawasawa. Jeraha refu la tumbo huuma, huchukua wiki nyingi kupona, na huweza kuingia usaha. Hamali wa bandarini, mvuvi, na mama anayejipatia riziki kwa kukaanga mahamri, hao ndio wanaofaidika zaidi kwa kupona upesi, kwani kwao siku ya kulala ni siku ya njaa. Elimu hii ni neema, na kuikataa kwa sababu ya hofu si salama kuliko kuipokea.

Elimu yenyewe haikuanza jana. Mwaka 1901 Georg Kelling wa Ujerumani alionyesha jinsi ya kujaza hewa katika tumbo la mbwa aliye hai na kutazama ndani kwa chombo cha kutazamia kibofu. Mwaka 1910 Jacobaeus huko Stockholm akafanya hivyo kwa binadamu. Kwa miaka mingi ilikuwa ni kazi ya kutazama tu. Kisha Kurt Semm, daktari wa wanawake katika mji wa Kiel, mwaka 1980 akatoa kidole-tumbo kwa njia ya matundu, na wenzake wengi wakamcheka. Mwaka 1985 Erich Mühe katika mji wa Böblingen akatoa mfuko wa nyongo. Alipowaeleza wapasuaji wenzake mwaka 1986 hawakumsikiliza, na mwaka 1992 chama kile kile kikamtunuku. Mwaka 1987 Philippe Mouret akafanya kazi kama hiyo Lyon, katika Ufaransa, na baada ya hapo ikaenea kama moto wa makuti.

Hapo ndipo penye fundisho letu. Iliposikika Marekani kwamba mgonjwa aweza kulala usiku mmoja tu hospitali, wagonjwa wakaitaka, na wapasuaji wakaikimbilia wasije wakaachwa nyuma. Wengi wao walikuwa watu wazima katika kazi yao, wenye vyeti na sifa. Walijifunza wapi? Wengi walihudhuria mafunzo ya siku mbili tatu, wakajizoeza juu ya nguruwe, (msishituke, ndugu zetu, viungo vya mnyama huyo kwa ndani vimekaribia vya binadamu, na swali la mnyama huyo si swali letu leo), kisha wakarudi makwao wakaanza kwa wagonjwa wao. Hapana aliyekusudia dhuluma. Kila mmoja aliamini kwamba aliyejua kupasua kwa kisu atajua kupasua kwa tundu.

Hesabu ikaja baadaye. Mwaka 1991 wapasuaji wa majimbo ya kusini mwa Marekani walichapisha habari za wagonjwa 1,518 waliotolewa mfuko wa nyongo kwa njia hii. Wakaona kuwa katika wagonjwa 13 wa kwanza wa kila kundi la wapasuaji, walioumizwa mrija wa nyongo ni asilimia 2.2, na kwa wagonjwa waliofuata baada ya hao 13, ni asilimia 0.1 tu. Mwaka 1995 wakahesabiwa wapasuaji 55 na wagonjwa 8,839, na ikaonekana kwamba katika kila madhara kumi ya mrija, tisa yalitokea ndani ya wagonjwa 30 wa mwanzo wa mpasuaji. Kwa makisio yao, mgonjwa wa kwanza alikabiliwa na hatari ya asilimia 1.7, na wa hamsini asilimia 0.17.

Ndugu msomaji, tafadhali usizipite nambari hizi haraka. Maana yake ni kwamba mgonjwa wa kwanza na mgonjwa wa hamsini walilala juu ya meza ile ile, wakatiwa mikononi mwa daktari yule yule, wakalipa ada ile ile, na hatari ya mmoja ni mara kumi ya mwenziwe. Na huyo wa kwanza hakujua kuwa ni wa kwanza. Ustadi alioupata wa hamsini ulinunuliwa, na aliyeulipia ni mtu ambaye hakuulizwa.

Jimbo la New York, mwaka 1992, liliwataka wenye hospitali wasimwache mpasuaji afanye kazi hii peke yake mpaka awe amekwisha kuifanya mara 15 chini ya msimamizi. Agizo jema. Lakini lilikuja baada ya watu kuumia, na ndiyo ada ya maagizo mengi ya duniani.

Sasa turudi katika yale tuliyorithi sisi. Abul-Qasim az-Zahrawi wa Andalusi, aliyefariki kiasi cha mwaka 1013, aliandika kitabu cha utabibu chenye sehemu 30, na ya mwisho akaifanya ya upasuaji, akachora humo sura za zana ili mwanafunzi azione. Alilalamika kwamba upasuaji umeharibika katika zama zake kwa kuwa watu wanaushika bila kujua maumbile ya viungo, na akasimulia aliyoyaona: tabibu mjinga aliyepasua uvimbe shingoni mwa mwanamke, akakata mishipa, na yule mwanamke akatokwa na damu mpaka akafa mbele yake. Kadhalika wanazuoni wa fiqhi wameweka wazi kwamba ajitiaye utabibu hali ya kuwa haujui, kisha akadhuru, yumo katika dhamana ya alichokiharibu. Na kwamba tabibu hodari aliyepewa idhini, akatimiza haki ya kazi yake, kisha Mungu akakadiria vingine, hana dhamana. Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, aliwagawa matabibu katika hili mafungu matano: yumo hodari aliyepatia, yumo mjinga aliyemhadaa mgonjwa, yumo hodari ambaye mkono wake umeteleza, yumo aliyekosea katika rai yake, na yumo aliyefanya bila ya idhini.

Lakini mwanafunzi yuko katika fungu lipi? Hapa ndipo tuliposimama usiku wa pili, na baadhi yetu wakapandisha sauti. Si mjinga, kwani amesoma miaka mingi na amefaulu mitihani. Si hodari katika kazi hii, kwani hajaifanya. Tukaona baada ya mabishano kwamba mwanafunzi hana fungu lake peke yake. Fungu lake hufuata mambo yanayomzunguka. Akisimama peke yake, asiyoyajua ni mengi, naye amejificha nyuma ya joho la daktari, basi amekaribia sana fungu la mjinga aliyemhadaa mgonjwa, hata akiwa na cheti. Akisimama na bingwa ambaye mkono wake u tayari kuuchukua mkono wake, na akawa amekwisha kujifunza kila linaloweza kufunzwa nje ya mwili wa binadamu, basi mikono ile minne ni kama mikono ya hodari mmoja. Na idhini ya mgonjwa ni lazima katika hali zote.

Maneno "kila linaloweza kufunzwa nje ya mwili" ndiyo tunayoyatilia mkazo, kwani katika zama za az-Zahrawi hayakuwa na maana kubwa, na leo yana maana kubwa mno. Semm huyo huyo aliyechekwa alitengeneza sanduku la kujizoezea, lenye umbo la kiwiliwili cha mwanamke, ili mwanafunzi atie zana zake humo kabla ya kuzitia katika tumbo la mtu. Leo masanduku hayo ni mengi, na mwanafunzi asiye na pesa aweza kujifanyia lake kwa sanduku la karatasi ngumu, simu ya mkononi iwe ndiyo kamera, na taa ndogo. Mwaka 2004 chama cha wapasuaji wa njia hii cha Marekani kilitoa mafunzo yenye mtihani wa mikono wa kazi tano: kuhamisha vitu vidogo sita kutoka mti mmoja hadi mwingine na kuvirudisha, kukata duara juu ya shashi bila kuuvuka mstari, kufunga kwa kitanzi, kisha kushona na kufunga fundo kwa namna mbili. Kila kazi hupimwa kwa wakati na kwa makosa. Bodi yao ikaufanya mtihani huo kuwa sharti kwa waliohitimu kuanzia mwaka 2010.

Mtu atasema, kuhamisha vijipira katika sanduku kwamsaidia nini mama yetu? Swali hilo liliulizwa na likapimwa. Katika chuo cha Yale walichukuliwa wanafunzi wa upasuaji 16. Nusu wakazoezwa kwanza kwa mashine ya kompyuta inayoiga kazi hii mpaka wakafikia kiwango cha mabingwa, na nusu wakafundishwa kwa njia ya kawaida. Kisha wote wakabandua mfuko wa nyongo kwa wagonjwa, na bingwa pembeni. Habari zao zilichapishwa mwaka 2002: wale ambao hawakuzoezwa kwa mashine walielekea mara tano zaidi kuumiza mfuko au kuchoma mahali pasipostahili. (Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2007, ukaona kuwa wapasuaji waliokuwa wakicheza michezo ya televisheni kwa zaidi ya saa tatu kwa wiki walikosea kidogo kuliko wasiocheza. Vijana wetu wakilisoma hili watalifanya dalili dhidi ya baba zao. Nasi twawaambia kuwa wapasuaji wale walikuwa wamekwisha kusoma udaktari kwanza.)

Basi ikiwa kutetemeka kwa mkono, na kule kwenda kinyume kwa zana, na kusoma kina katika picha bapa, yote hayo huweza kumalizwa katika sanduku la karatasi, daktari ana udhuru gani wa kuja kuyamaliza juu ya ini la mtu? Tunasema wazi: zamani mgonjwa alikuwa ubao wa kwanza kwa sababu hapakuwa na ubao mwingine. Leo upo. Na dharura iliyohalalisha jambo ikiondoka, uhalali wake nao huondoka.

Lakini tusijidanganye kwamba sanduku linatosha. Sanduku halitoki damu. Sanduku halina mafuta yaliyofunika mrija wala makovu ya maradhi ya miaka kumi. Na zaidi ya yote, sanduku halimfundishi mtu lini aache. Mabingwa husema kwamba penye uvimbe mkubwa, mrija usipoonekana dhahiri, uhodari ni kuziweka chini zana za matundu na kulifungua tumbo kwa kisu kama zamani, bila kuona aibu. Kijana mwenye mkono mwepesi anayetaka sifa huliona hilo kuwa ni kushindwa. Bingwa huliona kuwa ni amana. Hili halifundishwi ila chumbani humo, mbele ya mgonjwa, na mtu aliyekwisha kuziona siku mbaya. Ni kama mwana wa nahodha. Baba humpa usukani baharini penye maji makuu na upepo mwema, humwangalia, humsahihisha. Penye mlango wa miamba husimama nyuma yake, karibu kiasi cha kuushika usukani kabla chombo hakijaelekea jabalini. Asiyempa mwanawe usukani kabisa, siku akifa chombo kitabaki pwani kioze. Ampaye akaenda kulala, huyo amewauza abiria.

Na mikono haiko sawa hata baada ya vyeti. Katika jimbo la Michigan wapasuaji 20 walitoa kila mmoja picha za kazi yake ya kupunguza tumbo kwa njia ya matundu, wenzao wakazitazama bila kujua ni za nani, wakazipa alama. Habari hizo zilitoka mwaka 2013: robo ya wapasuaji waliopata alama za chini, wagonjwa wao waliopatwa na madhara walikuwa asilimia 14.5, robo ya juu, asilimia 5.2. Wote walikuwa na ruhusa ya kufanya kazi. Kwa hivyo swali la ndugu yetu, "Umefanya mara ngapi?", si utovu wa adabu. Laiti watu wote wangeliuliza.

Tumefika sasa katika idhini. Mtu akipeleka joho lake la kanzu kwa fundi mashuhuri, kisha akaja kujua limekatwa na mwanafunzi aliyeanza juzi, hukasirika hata kama kanzu imekaa vyema, kwani alikubaliana na mtu mwingine. Nguo hulipwa. Je, tumbo? Karatasi atiayo sahihi mgonjwa, mara nyingi huwa na maneno mapana yasemayo kwamba amekubali operesheni. Amekubali mkono wa nani? Sisi twaona kwamba idhini iliyotolewa kwa bingwa haihami yenyewe kwenda kwa mwanafunzi, kama vile uwakala hauhami kwa mtu mwingine bila ya mwenye mali kuridhia. Mgonjwa na aambiwe kwa lugha aijuayo: atakayeshika zana ni fulani, amefanya mara kadha, na fulani bingwa atakuwapo chumbani tangu mwanzo mpaka mwisho. Hospitali Kuu ya Pwani pale Mombasa siku hizi jina lake rasmi limo neno "kufundishia". Wangapi katika sisi wapitao langoni mwa hospitali kama hizo hujua neno hilo lina maana gani kwa mwili wao? Si neno baya. Ni neno linalotaka kufasiriwa kabla ya sindano ya usingizi.

Husemwa, na hoja hii ina nguvu, kwamba wagonjwa wakiambiwa watakataa wote, na baada ya miaka thelathini hapatakuwa na mpasuaji hata mmoja. Twajibu kwa mambo mawili. La kwanza, kumficha mtu jambo kwa kuhofia atakataa ni kukiri kwamba ana haki ya kukataa. La pili, na hili ndilo zito: hofu hiyo imesimama juu ya dhana kwamba mtu hukubali kubeba hatari kwa kutojua tu. Sisi hatukubali. Watu wetu huingia baharini kumwokoa wasiyemjua, huchanga damu zao kwa wasiowajua. Hawakubali kuhadaiwa, lakini wakiombwa, wako wengi watakaokubali.

Tena katika hili mna dhuluma isiyosemwa. Nani hulala mbele ya mwanafunzi? Ni yule asiye na uwezo wa kwenda kwingine. Wenye mali katika miji yetu, mfuko wa nyongo ukiwauma, hukata tikiti ya India, wakapasuliwa na bingwa ambaye naye alijifunza, huko kwao, juu ya maskini wa huko. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliuhesabu utabibu kuwa ni faradhi ya kifaya, na akawalaumu watu wa zama zake kwa kuuacha wakasongamana katika fani nyingine. Faradhi ya kifaya ni deni la mji mzima. Ikiwa kuwapo mpasuaji hodari ni deni la mji mzima, basi gharama ya kumpata ni ya mji mzima, na sehemu kubwa ya gharama hiyo si pesa, ni miili. Haifai wenye mali wavune na maskini peke yao wapande. Tajiri akubaliye kupasuliwa hapa nyumbani, na kijana akashika koleo mbele ya bingwa juu ya tumbo lake, amefanya kwa ajili ya mji huu jambo ambalo hundi yake haiwezi kulifanya.

Ama pesa, nazo zina mahali pake. Chuo cha Wapasuaji wa Afrika Mashariki, ya Kati na ya Kusini, kilichoundwa mwaka 1999, huwafundisha wapasuaji katika hospitali za nchi zao wenyewe, bila kuwapeleka ng'ambo. Mlango uko wazi, na mwenye kutaka kumsaidia kijana wetu asome hana udhuru wa umbali. Na katika harusi za mwaka huu peke yake tumeona mapambo ya usiku mmoja ambayo thamani yake ingelinunua masanduku ya kujizoezea ya kutosha hospitali nzima. Hatutasema zaidi, wenyewe wanajijua.

Basi tulimwambia nini ndugu yetu? Tulimwambia kwamba ana haki ya kuuliza mambo matatu, na haki ya kukataa akijibiwa vibaya katika lolote. Je, kijana huyu amejizoeza nje ya mwili wa mtu, na amepimwa? Je, bingwa atakuwapo chumbani, si katika jengo tu? Je, wote wawili wako tayari kugeukia kisu mambo yakiwa magumu? Akijibiwa vyema, hatukumwambia kuwa ni wajibu kukubali, kwani hatuna madaraka ya kumwajibisha mtu hatari juu ya mwili. Tulimwambia kwamba akikubali ametoa sadaka, na akikataa hana dhambi.

Ndipo mzee mmoja wa darsa, ambaye siku zote tatu hakusema neno, akamwuliza, "Na mama mwenyewe asemaje?" Ndugu yetu akainama. Hakuwa amemwuliza. Wala sisi hatukuwa tumekumbuka kumwuliza kama amemwuliza, na tumesema usiku tatu juu ya idhini.

Akaenda akamweleza mama yote, nambari na kila kitu. Mama akataka kuonana na wale madaktari wawili pamoja. Akamwuliza mkubwa, "Wewe utakuwa wapi?" Akamjibu, "Papo hapo, mama, nimevaa glavu." Akamgeukia kijana akamwuliza kwao wapi, na mamake yu hai? Kisha akatia kidole gumba. Siku yake ni Jumanne ijayo.